Kanali wa kwenye simu na farde ya mama mkubwa

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, anauza vikwembe katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, na si mtu wa kuchezewa kwa bei. Mteja akidai kitambaa kimepauka, yaya anakikunja na kukirudisha mahali pake bila neno. Lakini mwaka jana nusura atoe dola 350 kwa mwanamume ambaye hajawahi kusikia hata kikohozi chake. Huyo bwana alikuwa kanali wa jeshi la Marekani, ndivyo alivyosema, yuko Syria, amefiwa na mke, na angekuja Lubumbashi kesho kama si wakubwa wake kumzuilia likizo mpaka fomu fulani ilipiwe.

Jioni hiyo hapakuwa na umeme mtaani kwetu Katuba. Tulikaa uani, akanipa simu nimsomee Kiingereza cha kanali. Sikuanza na maneno, nilianza na picha. Sare ya Mmarekani ina jina la ukoo la mwenye kuivaa, limeshonwa kifuani upande wa kulia, na upande wa kushoto pameandikwa U.S. ARMY. Nilikuza picha mpaka ikavunjikavunjika. Jina lilisomeka bado, na lilikuwa la mtu mwingine kabisa. Katikati ya kifua, mahali pa cheo, palikuwa na zile alama za V zilizopinduliwa za sajini. Kanali wa Marekani huvaa tai (ndege tai, si ile ya shingoni).

Yaya alitazama, akanyamaza, kisha akasema: "Labda aliazima koti la mwenzake. Huko ni baridi."

Nilicheka, na yeye akacheka, lakini hakuwa ameshawishika. Akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike haya: "Sasa hakuna mahali wanapoandika basoda (askari) wao? Mtu hawezi kuingia kwenye intaneti akaona?"

Mahali hapo pako, tena si mahali pamoja tu. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ina ukurasa uliozaliwa na sheria ya 2003, inayomlinda askari aliye kazini asihukumiwe madeni au kutolewa nyumbani hali yuko mbali na hawezi kujitetea. Kabla hakimu hajatoa hukumu dhidi ya mtu ambaye hakufika mahakamani, mdai lazima aape kama huyo mtu yuko jeshini au hayuko. Basi anaingia kwenye ukurasa, anaandika jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa au nambari ya hifadhi ya jamii, na siku anayoiulizia. Anapewa cheti kinachomjibu kuhusu siku hiyo. Hakimwambii askari yuko kambi gani wala analala wapi. Hakuna malipo.

Sikuingiza jina la kanali wetu. Ukurasa ule ulijengwa kwa ajili ya mahakama na wenye kudai, haukujengwa kwa ajili ya wachumba. Na hata ningeliingiza, lingenifaa nini? Cheti chenyewe kinatoa onyo kwamba aliyeleta taarifa mbovu atapata cheti kibovu. Ubaya zaidi ni jibu la "ndiyo". Matapeli wengi wa aina hii hawabuni askari; wanamwiba. Picha ni za sajini wa kweli, mwenye mke wa kweli, anayeshangaa kila mwezi kuandikiwa na wanawake wa nchi asizozijua. Ukimtafuta sajini yule utampata, yuko kazini, faili lake safi. Rejista inathibitisha kwamba jina lipo. Haijui ni nani anayelitumia usiku huu kuomba dola 350.

Kilichomaliza maneno kilikuwa kitu kidogo kuliko rejista zote. Jeshi la Marekani halimtozi askari wala mchumba wake pesa ya likizo, na wachunguzi wa jinai wa jeshi hilo wamelirudia onyo hilo miaka na miaka. Anwani za kazi za barua pepe za askari wao huishia na .mil. Yaya akamwomba kanali amwandikie kwa anwani hiyo. Kanali akakasirika, akasema mapenzi ya kweli hayana masharti. Kwa mwanamke wa sokoni neno "masharti" lilitosha.

Ila swali la yaya halikuniacha. Mtu anayetafuta askari wa Marekani kwenye mtandao kwanza hukutana na kurasa za biashara zinazotaka nambari ya kadi ya benki ili ziuze makisio. Mafaili yenyewe ya waliokwisha kutoka jeshini yako kwenye ghala la serikali mjini St. Louis, Missouri, na mtu yeyote, hata asiye ndugu, anaweza kuandika kuomba. Atapewa jina, tawi la jeshi, tarehe za kuingia na kutoka, cheo, nishani, vituo vingine. Habari za hospitali hatapewa, wala nambari ya hifadhi ya jamii. Ikipita miaka 62 tangu askari aondoke jeshini, faili lote linakuwa mali ya historia na kila mtu anaweza kulisoma. Sheria yao imeanza na wazo kwamba kulitumikia jeshi ni jambo la umma, na kwamba aliyelipwa kwa kodi ya watu hawezi kuwaficha watu kama alilipwa au hakulipwa.

Ghala hilo liliungua. Tarehe 12 Julai 1973 moto ulishika ghorofa ya 6 na kuteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Kwa jeshi la nchi kavu, kiasi cha asilimia 80 ya mafaili ya walioachishwa kati ya Novemba 1912 na mwanzo wa 1960 yakawa majivu. Jeshi la anga lilipoteza sehemu kubwa ya mafaili ya walioachishwa kati ya 1947 na 1964, tena si majina yote, ila yale yanayofuata Hubbard kwa mpangilio wa alfabeti. Tangu siku hiyo moto wa St. Louis umekuwa kichaka cha waongo: ukiuliza faili, unaambiwa liliungua. Lakini tazama tarehe. Jeshi la majini halikuguswa, wala kikosi cha marini. Askari wa nchi kavu aliyepigana Vietnam na kuachishwa 1969 hawezi kusema faili lake liliungua, kwa sababu moto haukufika rafu yake. Anayejua tarehe za ule moto anamshika mwongo bila kufungua faili lolote.

Na wale ambao kweli waliunguliwa? Hawakuambiwa waende nyumbani. Makarani walikaa miaka na miaka wakiyaunga maisha ya watu kutoka kwenye karatasi za malipo ya mwisho, vitabu vya hospitali, madai ya pensheni. Kumbuka hizo karatasi za malipo, nitazirudia.

Wamarekani wenyewe walibishana mpaka Mahakama ya Juu kuhusu mtu anayejivika ushujaa. Xavier Alvarez, mjumbe wa bodi ya maji huko California, alisimama kwenye kikao cha 2007 akasema alikuwa marini miaka 25 na alipewa Nishani ya Heshima, ile ya juu kuliko zote, mwaka 1987. Hakuwahi kuvaa buti la jeshi siku moja. Alihukumiwa, akakata rufaa, na mwaka 2012 majaji 6 kwa 3 wakaifuta ile sheria iliyomtia hatiani: uongo mtupu, hata wa aibu, hauwezi kumfunga mtu peke yake. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria nyingine, inayomwandama anayedai nishani ili apate pesa au faida. Kilichonivutia mimi ni hoja moja ya Jaji Kennedy. Alisema, kwa maneno mengine, kwamba serikali ingeweza kuweka orodha ya wenye nishani kwenye intaneti, na mwongo angeumbuka bila kufungwa. Mwezi uliofuata Pentagon ikafungua ukurasa wa namna hiyo. Dawa ya uongo ikawa rejista, jela ikabaki kwa mwizi.

Sasa turudi Lubumbashi, tumwulize mjane wa hapa swali lile lile.

Kwetu mkubwa hana shida ya kuthibitishwa. Rais akimpandisha mtu kuwa jenerali, ordonansi yake inasomwa usiku RTNC, televisheni ya taifa, jina kwa jina, na kesho yake mtaa mzima umeshajua. Kaporali hasomwi popote. Yuko kwenye listing (orodha) ya mishahara, yuko kwenye daftari la kambi, na yuko kwenye kichwa cha komanda wake. Komanda akihamishwa, kichwa kimehama.

Mama mkubwa wangu ana farde (jalada la kuwekea karatasi) ya plastiki ya kijani, imechanika pembeni na kushonwa kwa uzi. Ndani mna maisha ya mumewe. Karatasi ya juu ni ya 1970, ya kuandikishwa katika Armée Nationale Congolaise, na jina lake linaanza na Joseph. Ya pili ni ya baada ya 1972, na Joseph hayupo: Mobutu amekataza majina ya Kikristo, kwa hiyo mtu yule yule ana jina la babu mahali pa jina la ubatizo, na jeshi limeshakuwa Forces Armées Zaïroises, FAZ. Halafu 1997 Mzee Laurent-Désiré Kabila anaingia. Baba mkubwa anapelekwa Kitona kufundishwa upya pamoja na ma-ex-FAZ wenzake, na anapewa matrikule (nambari ya jeshi) nyingine. Joseph anarudi, lakini mara hii mwishoni mwa jina badala ya mwanzoni. Kisha FAC, jeshi la Kabila, inakuwa FARDC, jeshi la leo. Mzee ametumikia majeshi manne bila kuhama jeshi, kwa majina matatu na matrikule mbili, akafa 2009.

Sema leo Kinshasa wanafungua ukurasa kama ule wa Marekani. Andika jina la ukoo: Ilunga. Kuna maIlunga wangapi katika jeshi la Kongo? Andika tarehe ya kuzaliwa. Mzee alizaliwa kijijini karibu na Kabongo, na tarehe aliyopewa na karani ni 1 Januari, kama nusu ya wazee wa rika lake. Hana nambari ya uraia, kwa sababu kwa miaka mingi nchi hii imeishi bila kitambulisho cha taifa, na kadi ya uchaguzi ndiyo imekuwa ikifanya kazi hiyo. Rejista ya Wamarekani inasimama juu ya nambari moja anayokuwa nayo mtu tangu utotoni. Ukiileta hapa bila nambari hiyo, utakuwa umeleta paa bila kuta.

Ndiyo maana wazee wetu wana rejista yao. Mtu akija barazani mtaani Kamalondo na kudai alikuwa askari, hawamwombi karatasi. Wanamwuliza alifunzwa wapi: Kamina? Kitona? Kotakoli? Nani alikuwa adjuda wake, yule msimamizi wa askari? Kisha mmoja wao anamgeuzia Lingala ghafla, Lingala ya kambini, ile ya amri na matusi. Lingala imekuwa lugha ya jeshi tangu enzi za Force Publique, jeshi la wakoloni wa Kibelgiji, na Mluba wa Katanga aliyekaa kambini miaka kumi anaijibu kabla hajafikiri. Mwongo anajibu kwa Kiswahili. Nimeona mtu aliyejiita tigre, yaani mmoja wa wale wana wa majandarma (askari) wa Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, waliokimbilia Angola na kurudi kwa vita vya Shaba 1977 na 1978, akiulizwa njia waliyoipita mwaka wa 78 kufika Kolwezi. Alianza kuomba maji ya kunywa.

Ni mtihani mzuri, lakini una umri. Kila msiba wa mzee mmoja unafuta rafu nzima, na hakuna karani wa kuiunga tena. Wale majandarma ndio mfano mbaya kuliko wote: walipigana chini ya Katanga iliyojitenga, kisha wengine wakaingizwa jeshi la taifa 1964, wengine wakaasi, wengine wakawa pamoja na mamluki walioishika Bukavu kwa miezi kadhaa 1967, wengine wakala chakula cha Wareno na baadaye cha MPLA kule Angola. Hakuna ofisi moja duniani yenye faili lao lote, na serikali zilizofuatana hazikuwa na haraka ya kulitafuta.

Kuhusu wa zamani zaidi aibu si yetu peke yetu. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika kuitumikia dola ya Uingereza kwenye Vita vya Kwanza, wengi wao Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda idadi ikafika 350,000. Ukurasa wa tume hiyo unatafutwa kwa jina na ni mzuri sana, ukimtafuta luteni. Ukimtafuta mpagazi unakuta ukimya. Na Force Publique, iliyouteka mji wa Tabora Septemba 1916, ilibadilishwa kuwa Armée Nationale Congolaise 1960, na sehemu kubwa ya makaratasi ya utawala wa Wabelgiji ilisafirishwa kwenda Brussels. Fanya hesabu kwa kipimo cha St. Louis: 1960 ongeza miaka 62, unapata 2022. Kwa sheria ya Wamarekani, mjukuu wa askari yeyote aliyeachishwa kabla Force Publique haijabadilishwa angekuwa tayari na haki ya kusoma faili lote la babu yake. Mwaka huo huo, mwezi wa Juni, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alikuja Kinshasa akambandika nishani kaporali Albert Kunyuku, aliyekuwa Mkongo wa mwisho aliyebaki hai kati ya wapiganaji wa Force Publique wa Vita vya Pili. Ilikuwa picha nzuri. Nilitamani mfalme angekuja na sanduku la faharasa pia.

Kuna anayesoma haya akiwa Goma na ameshaanza kutikisa kichwa, na ana haki. Mji wake uliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Katika siku zile kadi ya jeshi iliyofichwa chini ya godoro iligeuka kutoka heshima ya nyumba kuwa hatari ya nyumba. Nani angetaka jina la mumewe liwe kwenye orodha inayofunguliwa na kila mwenye simu? Wamarekani wenyewe, wenye bahari mbili za kuwalinda, walishtuka Machi 2015 wafuasi wa Dola la Kiislamu walipotoa majina, picha na anwani za wanajeshi wao 100. Kwa hiyo wale wanaoandika kwamba Kongo inahitaji orodha ya wazi ya wanajeshi wake ili kuwafichua waongo wamekosea nchi. Mwongo wa hapa, anayevaa sare ya kuazima ili asilipe teksi, anasumbua, lakini haui. Orodha inaua.

Ninachokitaka ni kidogo kuliko orodha. Nataka dirisha la swali moja. Kile ninachokisifu katika ukurasa wa Wamarekani ni uchoyo wake: unauliza kuhusu mtu mmoja, siku moja, na unajibiwa ndiyo au hapana, kwa mhuri. Dirisha la namna hiyo, kwa waliofariki na waliostaafu tu, kwa familia tu, lisingemfunulia adui kitu.

Nisiambiwe kwamba habari hazipo. Jeshi hili lilihesabiwa kwa alama za vidole. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya uliokuja 2005 ulitumia miaka kutenganisha mnyororo wa amri na mnyororo wa mishahara, kwa sababu listing zilikuwa zimejaa askari hewa, watu waliokufa au wasiozaliwa ambao mishahara yao ilikuwa na wenyewe. Fikiria hilo kidogo. Kwa miaka marehemu aliweza kuthibitishwa kuwa hai pale palipokuwa na mshahara wa kuchukua, na mjane wake hakuweza kuthibitisha kwamba aliwahi kuwa hai pale palipokuwa na pensheni ya kulipa. Karatasi zilikuwa zile zile. St. Louis waliwaunga watu upya kutoka kwenye karatasi za malipo. Sisi karatasi za malipo tunazo, ila zinasomwa kwa upande mmoja.

Wapo watakaosema dirisha litajaa wajane wa uongo. Watakuja, kweli. Wako hata sasa, na wenye pesa ya kumtafuta karani wanapita mbele ya wenye haki. Vidole vya marehemu kwenye rejista haviwezi kuhongwa kirahisi kama karani wa dirisha la tatu.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama mkubwa kwenye ofisi moja ya mjini. Karani alikuwa kijana mpole. Aliifungua farde, akazitandaza karatasi mezani, akaziona zile matrikule mbili, akauliza ni ipi ya kweli. Mama mkubwa akajibu zote. Karani akasema kwa hali hiyo alete mashahidi watatu waliotumika na marehemu, wenye karatasi zao wenyewe.

Amepata wawili. Mmoja yuko Likasi na anaweza kuja akitumiwa nauli. Wa pili amepooza upande mmoja, lakini akili iko sawa na anakumbuka hata jina la mbwa wa kambi. Wa tatu tunaambiwa yuko Kalemie, na ile simu ambayo yaya aliitumia kuandikiana na kanali ndiyo tunayomtafutia sasa. Yaya anaandika jina lake kila jioni akitoka sokoni, kwa Joseph mbele, kisha kwa Joseph nyuma, kisha bila Joseph, maana naye aliandikishwa 1970 na mtakatifu yule yule.